Ukishahesabu Mizani

Kila aliyewahi kufundisha Kiswahili anaijua sentensi hii: "Shairi hili ni la bahari ya tarbia kwa sababu kila ubeti una mishororo minne." Nyuma yake hufuata ndugu zake: mizani ni kumi na sita, nane ukwapi na nane utao; vina vya kati vinabadilika na vya mwisho havibadiliki, kwa hiyo ni ukara; kuna kibwagizo. Mwanafunzi anavuna alama zake, mwalimu anaweka vema, na shairi limebaki pale lilipokuwa, halijaguswa na mtu.

Nimesahihisha majibu hayo hadi nikawa nayajua kabla sijafunua karatasi. Siwalaumu watoto. Wanajibu wanachoulizwa. Kenya, Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kidato cha nne itamwambia mwanafunzi ataje bahari, atoe mifano ya uhuru wa mshairi, kisha auandike ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Tanzania atapewa vikapu viwili. Kimoja ni fani: muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Cha pili ni maudhui: dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa. Atagawa vitu humo na kukabidhi. Anatoka shuleni akiamini kwamba mshairi aliamka siku moja na ujumbe wake mkononi, ukiwa uchi, akaenda dukani kuununulia nguo inayoitwa fani.

Mimi nasema katika shairi zuri hakuna duka. Ujumbe ulizaliwa umevaa, na ukiuvua hizo nguo unabaki na methali ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaijua: dunia hupita, utii ni bora, umoja ni nguvu. Kama hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta, hakukuwa na haja ya mtu kukesha akitunga.

Nitaonyesha kwa beti mbili tu. Ni za Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa jirani cha Lamu, wa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi wetu tulitajiwa jina lake darasani, tukaambiwa linahusu "dunia ni mapito", tukageuza ukurasa. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anausuta, anauuliza kwa nini hauzinduki. Kisha anauonyesha matajiri waliotangulia:

*Nyumba zao mbake zikinawiri,*
*Kwa taa za kowa na za sufuri;*
*Masiku yakele kama nahari,*
*Haiba na jaha iwazingiye.*

Majumba yao yakimeremeta kwa taa za kioo na za shaba, usiku wao ukawa kama mchana, haiba na jaha zikawazunguka. Kinachofuata ni maelezo ya starehe zao na jinsi zilivyoondoka nao kaburini. Halafu, beti kadhaa mbele, tunarudishwa kwenye nyumba zile zile:

*Nyumba zao mbake ziwele tame;*
*Makinda ya popo iyu wengeme;*
*Husikii hisi wala ukeme;*
*Zitanda matandu walitandiye.*

Majumba yale yale sasa ni matupu, makinda ya popo yananing'inia juu, husikii sauti wala ukelele, na vitandani umetanda utando wa buibui. Hesabu mizani, sikukatazi. Nyu-mba-za-o-mba-ke, sita. Zi-we-le-ta-me, tano. Nenda mshororo kwa mshororo katika beti zote mbili, utakuta sita na tano, sita na tano, bila kuyumba. Vina vya mishororo mitatu ya kwanza vinafanana, na wa nne una kina chake, *-ye*, kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti katika utungo mzima. Hapo mwanafunzi angeweka kalamu chini. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu sasa tuna jambo la kuuliza: mtu aliyejifunga kwa mizani kumi na moja, naye ana hazina ya Kiamu chote (lahaja ya Lamu) cha kuchagua, kwa nini arudie kipande kizima cha silabi sita, neno kwa neno? *Nyumba zao mbake.* Nusu ya kwanza ya mshororo haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni zile silabi tano za nyuma: *zikinawiri* zimekuwa *ziwele tame*.

Yaani ukuta umesimama pale pale na nuru ndiyo iliyoondoka. Hakutuambia kwamba nyumba zimebaki na watu wamekwisha. Amelijenga jambo hilo ndani ya mshororo: kipande cha mbele kikawa jengo, cha nyuma kikawa hali yake. Na msikilizaji wa enzi zile, aliyekuwa akisomewa kwa sauti na hakuwa na kitabu mkononi, angelisikia "nyumba zao mbake" akatarajia mwangaza aliousikia mwanzo. Anapewa utupu. Huo mshtuko mdogo sikioni una kazi kuliko neno "majuto" mara kumi.

Sasa tazama vitenzi. *Zikinawiri* ina *-ki-*, jambo linaloendelea, taa zinazidi kuwaka. *Ziwele* ni hali iliyotimia kwa sarufi ya Kiamu, ile ambayo Kiswahili sanifu hutumia *-me-* kuitaja: zimekuwa. Ndivyo ilivyo pia *wengeme*, kutoka *angama*: wameangama, wananing'inia. *Yakele*, kutoka *kaa*. Ukishaizoea sauti hiyo utagundua jambo ambalo binafsi lilinikalisha chini: kina kile cha *-ye* kinachofunga kila ubeti mara nyingi kinatokana na hali hiyo hiyo ya kutimia. *Iwazingiye*, imewazunguka. *Walaliye*, wamelala. *Walitandiye*, wametanda. Si kila ubeti; kwingine *-ye* ni kirejeshi au kimilikishi. Lakini ni mara nyingi kiasi kwamba utungo mzima unatembea ukigonga mlango mmoja: limeshakuwa, limeshakuwa, limeshakuwa. Hata ule ubeti wa taa, wa fahari tupu, unamalizika kwa *iwazingiye*. Jaha imeshawazunguka, na jambo likishatimia halina pa kwenda ila kwisha. Hivyo basi, mtu anaposema "vina vya mwisho ni -ye" amesema kweli, ila amesimama kizingitini.

Mshororo wa mwisho ndio nisioweza kuuacha. *Zitanda matandu walitandiye*: vitandani utando wa buibui umetanda. Usome kwa sauti, usione haya. *Tanda, tandu, tandi.* Mzizi mmoja wa sauti umetandazwa katika mshororo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kama utando wenyewe wa buibui. Kitanda, mahali pa ndoa na uzazi na ugonjwa na usingizi, na utando, alama ya mahali ambapo hakuna mtu anayepitisha mkono, yamewekwa bega kwa bega, na sikio linashindwa kuyatenganisha. Hapa sihitaji kikapu cha "tamathali" na kikapu cha "dhamira". Ukiubadilisha mshororo huu uwe "buibui wamejaza malalo", maana ya kamusi imebaki, shairi limekufa.

(Lazima niweke mpaka hapa, maana najua wapo watakaoanza kudai kwamba sauti *-me* ya *tame, wengeme, ukeme* ni ya huzuni kwa sababu midomo inafumba. Sithubutu kwenda huko. Kina hicho hicho kinaweza kumalizia wimbo wa harusi. Sauti haina maana yake peke yake. Inapata kazi kutokana na majirani zake, na asiyeweza kuonyesha jirani ni nani, anyamaze.)

Kuna binti wa jirani yangu anayejiandaa kwa mtihani, na jioni nyingine huja na daftari lake. Nilimpa ubeti huu wa pili bila kumwambia ni wa nani wala wa lini. Aliusoma mara moja, akachangamka.

"Mwalimu, hapa kuna tabdila."

"Wapi, mwanangu?"

"Kwenye *zitanda*. Amebadilisha *vi* ikawa *zi* ili apate mapigo. Na *iyu* ni inkisari, ufupisho wa *juu*. Na *ziwele* ni kuboronga sarufi."

Makosa matatu kwa mkupuo mmoja, na si yake. Amefundishwa kwamba neno lolote asilolikuta katika Kiswahili cha gazeti ni "uhuru wa mshairi", kana kwamba Sayyid Abdalla alikuwa mtu wa Dodoma aliyeishiwa na mizani. *Zitanda* ndivyo vinavyoitwa vitanda Pate na Lamu. *Iyu* ni juu. *Ndia* ni njia. *Nyuni* ni ndege. Hakuna kilichobadilishwa na hakuna kilichoborongwa. Mtu ameandika kwa lugha ya nyumbani kwao, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya kutungia mashairi, hata kwa washairi wasiokuwa wa huko. Hili la kuita lahaja za watu "kosa lililoruhusiwa" linaniudhi kuliko mengine yote katika ufundishaji wetu wa ushairi. Uhuru wa mshairi upo, simkatalii mtu. Anapoandika *nenda* kwa *ninaenda*, au *kenda zangu* kwa *nikaenda zangu*, huo ni ukataji, na uulizwe ulifanya nini. Lakini kwanza ujue mtu anasema lugha gani.

Tukashuka mshororo mmoja mmoja, naye akaniuliza swali ambalo mitihani haiulizi: "Sasa hayo madaka ni nini?" Maana nilimsomea na mishororo miwili inayokuja baada ya hapo:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*Sasa walaliye wana wa nyuni.*

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo uchambuzi wa ishara unapoharibika mara nyingi. Mwalimu mwenye haraka atasema: madaka yanaashiria utajiri, ndege wanaashiria uharibifu, twende ubeti unaofuata. Lakini daka si ishara kwanza. Daka ni daka. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, zile za matumbawe na chokaa, ukuta wa chumba cha ndani hujengwa ukiwa na vishubaka, safu juu ya safu, vilivyonakshiwa kwa chokaa. Nyumba za karne ya 18 zilizosalia Lamu bado zinavyo, na atakaye aende akaone. Kila kishubaka ni kifupi kwenda ndani. Hakiwekwi mzigo humo; kinawekwa kitu cha kutazamwa. Na kilichowekwa ni sini, vyombo vya kaure vilivyosafiri kutoka Uchina hadi huku kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, ambavyo vigae vyake wachimbuzi wa mambo ya kale wamevikuta mwambao mzima. Mshairi mwenyewe alishatutajia hapo nyuma: *Wapambiye sini ya kuteuwa.* Wamepamba kwa sini ya kuchagua.

Ukishalijua daka, uone alichokifanya. Kishubaka kile kilichokatwa kwa kipimo cha kisahani ndicho hicho hicho kinachomfaa kinda la ndege. Kina ukuta wa nyuma, kina kifuniko juu, kiko mbali na paka. Fundi alijenga kiota bila kujua. Ndege hawakuharibu kitu. Wameingia wakakuta pamewekwa tayari, wakalala. Neno lenyewe ni hilo, *walaliye*, wamelala, neno la amani kabisa. Uchungu wa picha hii uko hapo: nyumba haikubomolewa na adui, imepata wapangaji wapya na wapangaji wako raha mustarehe. "Ndege wanaashiria uharibifu" ni jibu la mtu asiyeliona daka.

Na haikuwa ndoto. Pate ilikuwa dola chini ya watawala wa ukoo wa Wanabahani, yenye nguvu juu ya majirani zake, na mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa inateremka. Kushindwa kwake na watu wa Lamu katika vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, kuliharakisha mteremko huo. Magofu ya mji yapo hadi leo, na wenyeji wamelima tumbaku kati ya kuta. Sisemi shairi ni historia ya Pate kwa vina. Nasema mtunzi hakuhitaji kubuni popo.

Kwa hiyo nilimwambia binti yule kanuni moja tu, na hata hiyo aitumie kwa tahadhari: kabla hujauliza kitu kinaashiria nini, hakikisha unaweza kukichora. Muyaka bin Haji wa Mvita, ndiyo Mombasa, alipoanza kwa *Dunia mti mkavu, kiumbe siulemele*, mwanafunzi hukimbilia "mti mkavu ni ishara ya udhaifu wa dunia". Ngoja. Mti mkavu unaonekanaje? Umesimama. Hiyo ndiyo hatari yake. Mti ulioanguka hauna wa kumdanganya. Huu umesimama wima na matawi yake, na mchovu akipita atautaka. Katazo *siulemele*, usiuelemee kwa uzito wako, lina maana kwa sababu unaegemeka mpaka pale unapovunjika. Udhaifu tu ungetosha kwa mti mchanga. Mshairi alihitaji udhaifu unaofanana na nguvu. (Na ukihesabu mizani hapo usisahau kwamba *m* ya *mti* na ya *mkavu* ni silabi kamili, ina pumzi yake. Wengi hupata sita wakadhani mzee amekosea.)

Ishara ina kazi nyingine pia, ambayo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa: kusema mbele ya watu jambo lisilosemeka. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka *Kenya: Twendapi?*, akakaa gerezani miaka mitatu, na humo akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ukitaka kicheko cha historia, hicho hapo.

Katika diwani hiyo mna shairi la mamba anayejigamba mtoni, na jingine la majibizano ambamo Alii na Badi wanaugombea mnazi. Darasani jibu la mamba hutoka kabla swali halijaisha: mamba ni mtawala. Sawa. Umefumbua fumbo, sasa una nini? Shairi limekuwa tangazo la siasa la mwaka 1970, limekwisha na watu wake. Mshairi hakukosa njia ya kumtaja mtawala. Alishamtaja katika waraka, akafungwa kwa hilo. Alichokipata kwa mamba ni kitu ambacho jina halimpi: mnyama mwenye nguvu ndani ya maji tu, anayeamini maji hayatakauka. Ndiyo maana kila kizazi kinamsoma mamba yule na kumvika sura ya mtu wake. Jibu la mtihani linamfunga kwa mtu mmoja, na lile gereza la pili ni sisi walimu tuliolijenga.

Mnazi nao una la kwake. Msomaji wa bara ataona mti wa matunda, wenye kuashiria nchi na neema zake, na hajakosea. Wa pwani anajua zaidi: huku ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi ikawa ya yule. Mtu anaweza kurithi miti isiyo kwenye shamba lake, na ugomvi wa mnazi si ugomvi wa nazi, ni ugomvi wa nani aliupanda, nani aliupalilia, nani alikuwa hapa kwanza. Kesi za namna hiyo zimewalaza wazee barazani. Kwa hiyo nchi inapofananishwa na mnazi, shairi limeingiza humo fujo yote ya umiliki wa pwani bila kuitaja. Halafu angalia umbo: majibizano. Mmoja yuko juu ya mti, mwingine yuko chini, lakini wote wanapewa bahari ile ile, mizani ile ile, vina vile vile. Mtini hawako sawa. Katika ubeti wako sawa. Sijui nikuwekee hilo kwenye fani au kwenye maudhui.

Nitalipita haraka suala la mashairi huru, yale yasiyofungwa na vina wala mizani, kwa kuwa mjadala wake umechosha. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mwaka 1954, kitabu kilicholea washairi wengi. Kezilahabi akatoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 bila vina wala mizani. Wakaja Mulokozi na Kahigi mwaka 1979 wakatetea kwamba hivyo viwili si roho ya ushairi. Watu wakarushiana maneno kwa miaka. Mwanafunzi wa leo amerithi ugomvi huo kwa sentensi moja: "Shairi hili halina umbo." Hakuna shairi lisilo na umbo. Katika shairi huru mshairi amejinyima kina, kwa hiyo kila anapokata mstari amekata kwa hiari yake, na kila mkato una sababu au ni uzembe. Swali lile lile linarudi: kwa nini hapa?

Na hata hao wa jadi, umbo tunaloliona kitabuni si lile walilolijua. Tenzi zilipoandikwa kwa hati za Kiarabu, mara nyingi vipande vinne vya ubeti viliwekwa katika mstari mmoja, vikitenganishwa na alama ndogo. Ni wachapishaji waliotuletea mishororo minne iliyopangana kama ngazi. Utendi ulikuwa mstari mrefu mmoja wenye pumzi nne, na msomaji aliughani, hakuusoma kimya. Anayejua hilo hataandika kwamba mshairi "amegawa ubeti katika mistari minne mifupi ili kuonyesha haraka". Nimekutana na jibu hilo, na limeandikwa kwa ujasiri mkubwa.

Kuhusu maana yenyewe, ningependa tuache kujifanya kwamba ikishachambuliwa inatulia. Chukua utendi wa Mwana Kupona binti Msham, wa mwaka 1858. Mjane wa Bwana Mataka, shehe wa Siu, mji wa kisiwani Pate, aliyewasumbua masultani wa Zanzibar, ni mgonjwa, anamwita bintiye aje na wino na karatasi. Anamuusia namna ya kuishi na mume. Mizani nane, vina vitatu kisha cha nne kinachorudi, *-ia* au *-ya*, hadi mwisho. Mara nyingi unatajwa kama mfano wa utii wa mwanamke, na kuna beti za kutosha kuthibitisha. Lakini katikati yake kuna huu:

*Mtunde kama kijana*
*Asioyua kunena;*
*Kitu changalie sana*
*Kitokacho na kungia.*

Mtunze kama mtoto asiyejua kusema. Angalia sana kitu kitokacho na kinachoingia. Mume, bwana wa nyumba, ambaye beti zilizotangulia zilimweka juu sana, ghafla ni mtoto mchanga. Hasemi. Anatunzwa. Na nani amebaki na macho ya nyumba, anayejua kilichotoka na kilichoingia? Kipande cha nne, kile kinachobeba kina cha utendi mzima, kimekabidhiwa kazi ya kulinda mlango, na mwenye kazi hiyo ni mke. Binti wa jirani alicheka aliposoma hapo. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakucheka. Alisema hivyo ndivyo waume wanavyokaliwa, na kama hatujui, hatujaoa.

Wako wasomi wanaouona utendi huu kama kejeli iliyojificha, mama anamfundisha binti kutawala kwa mlango wa nyuma. Nikiusoma ubeti huo peke yake naona wana hoja, na umbo linawaunga mkono. Ila kuna jambo wanaloliruka. Kuelekea mwisho Mwana Kupona anageuka kutoka kwa bintiye, anawasemesha wanawake wote, na anawaambia wausome wawatii waume zao. Hapo hakuna fumbo wala kicheko, na kipande cha nne kinadunda na kina chake kile kile. Anayetaka kuniaminisha kejeli anieleze ubeti huo anaufanya nini. Anayetaka kuniaminisha utii mtupu naye aniambie yule mtoto asiyejua kunena aliingiaje humo, tena kwa mkono wa mwanamke aliyewahi kuwa mke wa Bwana Mataka.